Mnyonya damu gani anamtisha mtu wa Pemba? (natunga mchezo wa redio)

Mtunzi wa Wete

Assalaam alaykum wanajukwaa. Natunga mchezo wa redio, vipindi sita vya robo saa, na mhusika mkuu ni vampaya. Mahali ni kijiji cha kubuni baina ya Wete na Konde. Rasimu ya kwanza nimeifuata sinema: anatoka kwenye jeneza, ana meno mawili marefu, kavaa joho jeusi, anakimbia kitunguu thomu, jua likimpata anageuka majivu. Kila nikiisoma kwa sauti naona haikai. Mtu wa Konde amwogope mwenye joho kwa lipi?

Nauliza haya. Masharti ya vampaya yametoka wapi: yapi ni ya wanavijiji wa Ulaya wenyewe na yapi yametiwa na watunzi? Kwa nini huyu amedumu karibu karne tatu na bado kila mwaka anatengenezewa filamu, na majitu mengine ya hadithi zao yamesahauliwa? Na kwa hapa kwetu nimshike nani, Popobawa, mumiani au jini? Naomba majibu ya wanaoyajua haya kwa undani, pamoja na miaka na sababu zake.

Bint Makunduchi

Wa alaykumu ssalaam. Naanza na masharti, maana rasimu yako imekwama hapo. Ulichokishika ni vampaya wa sinema. Wa vijijini alikuwa mtu mwengine kabisa.

Khabari zake zilizoandikwa kwa makini zinatoka Serbia. Mwaka 1718 Waaustria waliitwaa sehemu ya kaskazini ya nchi hiyo kutoka kwa Dola ya Uthmaniya, na maofisa wao wakajikuta wanatawala watu wanaofukua makaburi. Mwaka 1725, katika kijiji cha Kisiljevo, alikufa bwana mmoja aitwaye Petar Blagojević. Ndani ya siku nane wakafa watu tisa, kila mmoja kwa maradhi ya muda wa siku moja hivi, na kabla ya kukata roho walisema Petar amewajia usingizini akawakaba. Wanakijiji wakamwambia ofisa Frombald waziwazi: ama ashuhudie kaburi likifunguliwa, ama wao wanahama kijiji. Akaenda. Aliyoyaandika ni kwamba nywele, ndevu na kucha zilikuwa zimeota, ngozi ya zamani imebambuka na chini yake imetokea mpya, na mdomoni mna damu mbichi. Wakamkita kigingi kifuani, wakamchoma moto. Ripoti hiyo ikachapwa gazetini Vienna mwaka huo huo.

Miaka michache baadaye yakazuka mengine katika kijiji cha Medveđa, na safari hii akapelekwa daktari wa jeshi, Johannes Flückinger, na wenzake. Walifukua makaburi kwa mpango, maiti baada ya maiti, wakaandika umri wa kila marehemu, muda aliokaa ardhini na hali ya viungo vya ndani. Ripoti ilitiwa saini Januari 1732, ikasomwa Ulaya nzima. Vampaya akawa mtu maarufu duniani kwa njia hiyo. Waliomshuhudia walikuwa madaktari wenye kalamu na muhuri, na watu wa mijini hawakuweza kumtupilia mbali kama ngano ya bibi na wajukuu.

Sasa mtazame mwenyewe. Ni mkulima. Ni jirani. Kavimba na uso wake mwekundu, wala si mwembamba aliyepauka. Hana kasri, hana joho, hageuki popo. Anaanza na watu wa nyumbani kwake, kisha majirani.

Ubwana kautia John Polidori katika hadithi yake ya 1819. Yeye ndiye aliyemtoa vampaya shambani akamfanya mtu wa tabaka la juu, mwenye adabu, anayealikwa kwenye karamu. Meno marefu yalizoeleka kupitia hadithi za senti chache zilizochapwa London miaka ya 1840. Bram Stoker, katika riwaya yake Dracula ya 1897, akaongeza kutoonekana kwenye kioo, na akaufanya mgeuko wa popo ukae vichwani mwa watu. Lakini Dracula wa Stoker anatembea mchana London! Nguvu zinampungua tu. Jua la kuua lilitiwa na filamu ya Kijerumani ya 1922, Nosferatu, iliyotengenezwa bila idhini. Mjane wa Stoker akashitaki, mahakama ikaamuru nakala ziharibiwe, baadhi zikanusurika, na sharti lile likaenea hata wengi wanadhani ni la kale. Kitunguu thomu ni cha wanavijiji kweli, kama ilivyo kwao mimea mingine yenye harufu kali, na sababu ni nyepesi: kifo kilikuwa na harufu, na walitafuta harufu ya kuishinda.

Lipo sharti moja la Stoker ambalo kwetu lina uzito kuliko yote. Vampaya wake hawezi kuingia nyumba kwa mara ya kwanza mpaka mtu wa nyumba hiyo amkaribishe. Akishakaribishwa mara moja, baadaye anaingia atakavyo. Wewe unatunga kwa ajili ya watu wanaopiga hodi mara tatu na wasipojibiwa wanarudi. Joho na meno yafute, hili libakishe.

Mwosha wa Chake

Ndugu Mtunzi, Bint Makunduchi kakupa waliyoyaona kaburini. Mimi nakupa kwa nini waliyaona, na kwa nini Pemba hayakuonekana. Ukilifahamu hili utajua kwa nini jeneza lako halikai.

Maiti hukakamaa saa chache baada ya kufa, kisha hulegea tena, kwa kawaida baada ya siku moja na nusu hadi mbili. Anayedhani maiti hubaki mkavu kama ubao atashtuka akimkuta amelainika. Vijidudu vya tumboni vinaendelea na kazi na kutoa gesi, mwili unavimba, tumbo linajaa, na kwa hiyo marehemu anaonekana amenenepa. Gesi hiyo inasukuma majimaji mekundu ya kahawia kutoka mapafuni na kooni, yanatokea mdomoni na puani. Hiyo ndiyo "damu mbichi". Damu yenyewe huganda mtu akifa, lakini mara nyingi huyeyuka tena, na mwili ukitobolewa inatiririka. Ganda la juu la ngozi huvuka lote na chini yake panaonekana pekundu kama ngozi ya mtoto. Kucha hung'oka pamoja na ganda hilo, na vitanda vyake vikadhaniwa ni kucha mpya. Ndevu haziongezeki, ila ngozi ya kidevu hukauka na kurudi nyuma, vishina vikatokeza. Ufizi nao hurudi nyuma, na meno yakaonekana marefu. Kigingi kikipigwa kifuani, hewa iliyobanwa hupita kooni ikatoa mlio kama mtu anayeguna. Waliosimama pale waliusikia kweli, na walioandika hawakusema uongo. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia kwamba ndivyo maiti wote walivyo, na kwamba baridi ya majira yao huchelewesha kuoza kwa wiki kadhaa. Mwaka 1755 malkia Maria Theresa wa Austria alimtuma tabibu wake, Gerard van Swieten, alichunguze jambo hilo. Jibu lake lilikuwa hilo hilo, ni mambo ya kimaumbile, na ufukuaji ukapigwa marufuku.

Kwetu maiti huzikwa siku ile ile ikiwezekana. Anaoshwa, anakafiniwa, mwanamume nguo tatu na mwanamke tano, anachukuliwa kwa jeneza na jeneza linarudi msikitini, kwa sababu ni la kubebea tu. Analazwa kwenye mwanandani kwa ubavu wa kulia, ameelekezwa kibla, vinapangwa viunza, unarudishwa udongo, watu wanasoma na kuondoka. Kaburi halifunguliwi tena ila kwa dharura kubwa ya kisheria. Na hata lingefunguliwa baada ya siku arubaini, kwa joto letu na udongo wenye unyevu kusingekuwa na mtu mnene mwenye uso mwekundu. Waserbia walikuwa na ushahidi mikononi, wakajenga juu yake. Sisi hatujawahi kuutazama, na ndiyo maana hofu yetu haikutokea makaburini. Ukimtoa mtu mwanandani kwenye mchezo wako, msikilizaji ataona umemvunjia heshima marehemu, na hiyo si hofu uliyoikusudia.

Naongeza moja kuhusu swali lako la kudumu. Mtazame mtu wa kwanza kufa katika nyumba yenye kifua kikuu. Anadhoofu miezi, anapauka, anakohoa damu. Akishazikwa, anaanza mdogo wake aliyelala naye chumba kimoja, dalili zile zile. Kabla ya Robert Koch kutangaza bakteria wake mwaka 1882, ni nani angekuambia kilichotokea? Iliyoonekana kwa macho ni kwamba marehemu anarudi kuwavuta wenziwe. Na hata baada ya 1882 khabari haikufika kila mahali. Mwaka 1892, mji wa Exeter, jimbo la Rhode Island, Marekani, walimtoa msichana Mercy Brown aliyekufa Januari, akiwa amehifadhiwa katika chumba cha mawe wakati wa baridi kali. Machi wakakuta moyo wake bado una damu. Wakauchoma, majivu wakayachanganya na maji wakamnywesha kaka yake Edwin aliyekuwa mgonjwa. Akafa kabla ya miezi miwili kutimia.

Yakhe wa Mkoani

Yakhe, usimchanganye Popobawa na wanyonya damu. Popobawa hanywi damu. Anakuja usiku, mtu anahisi kabanwa kifuani, hawezi kupiga kelele wala kuinua mkono, wengine wanasikia harufu mbaya, na shambulio analofanya ni la aibu, kwa wanaume na wanawake. Pia anataka uwaambie watu, usipotangaza anarudi. Hilo la mwisho ndilo lililomfanya aenee. Mzimu wa kawaida unafichwa na aliyeuona, na huyu anamtaka mtu wake awe mtangazaji.

Hofu kubwa ilikuwa 1995. Ilianza hapa Pemba mwezi wa Ramadhani, ambao mwaka ule uliangukia Februari, ikavuka Unguja, ikafika Dar es Salaam. Watu walilala nje makundi kwa makundi mbele ya moto. Mjini Unguja mtu mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati uliodhani ndiye. Hili ulibebe kichwani unapotunga, kwa sababu hofu ya aina hii hapa kwetu imeshamaliza roho ya mtu.

Wanaosema huja na uchaguzi tu hawajapanga miaka vizuri. Ni kweli 1995 ndiyo ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, lakini kura zilipigwa Oktoba na hofu ilianza miezi minane kabla. Na 2007, aliposemwa tena Dar es Salaam, hakukuwa na uchaguzi wowote.

Kinachoelezea kubanwa kule ni jinamizi. Katika usingizi wa ndoto ubongo unazima misuli ya mwili ili mtu asiinuke akatenda anayoyaota. Mara nyengine akili inaamka kabla ya misuli kufunguliwa. Mtu anaona chumba chake halisi, hawezi kusogea, pumzi ni fupi kwa hiyo anahisi uzito kifuani, na ndoto inaendelea ikiwa imechanganyika na chumba. Hukaa sekunde chache hadi dakika kadhaa. Takriban watu wanane katika kila mia hupatwa angalau mara moja maishani. Huzidi kwa anayelala chali, anayekosa usingizi, na anayelala saa za kubadilikabadilika. Sasa zipange mwenyewe: Ramadhani na daku, kulala nje juu ya mkeka, kuamshana kila anayepiga ukelele, na kila mtu anasubiri kuja kukabwa. Walichofanya kujikinga ndicho kilichowaongezea jinamizi.

Likikushika usipigane kuinuka mwili mzima. Chezesha kidole cha mguu au cha mkono, vuta pumzi taratibu, soma moyoni unachokisoma. Kisha lala kwa ubavu, na saa ile ile kila siku. Kinachojirudia sana na kumharibia mtu mchana wake kipelekwe kwa daktari.

Fundi Maabara

Mumiani mniachie mimi, kwa sababu ndiye mnyonya damu wetu hasa wa pwani na bara yote ya Afrika Mashariki, na ana hatari zaidi kuliko wengine kwa vile hana pembe wala mbawa. Ni mtu na gari.

Kwanza kilikuwa kitu. Kamusi ya Kiswahili iliyosimamiwa na Frederick Johnson, ya 1939, inaeleza dutu nyeusi kama utomvu, ikisemwa kutoka Uajemi, inayopakwa au kuyeyushwa katika samli na kunywewa kwa mvunjiko wa mifupa na baridi ya homa. Kamusi hiyo hiyo inasema wengi waliamini kuwa ni damu ya watu iliyogandishwa, na ukivuma uvumi kwamba mumiani inatafutwa, watu hawatoki baada ya magharibi. Dawa ya gharama, inatoka mbali, rangi ya damu iliyokauka, na muuzaji hasemi imetengenezwaje: hofu ilijijenga juu ya vitu hivyo vinne.

Kisha ikapata gari. Nairobi na Kampala enzi za ukoloni lawama ziliwaangukia zimamoto na gari lao jekundu. Ilisemwa wanakamata watu usiku, wanawatia mashimoni, wanawatoa damu kidogo kidogo. Mtafiti Luise White alikusanya maelezo ya wazee juu ya hayo na kuyatolea kitabu mwaka 2000. Kinachojitokeza ni kwamba watu walikuwa wanaeleza kazi walizoziona: watu wa sare, vifaa visivyofahamika, mishahara isiyoeleweka inatoka wapi, na serikali inayochukua bila kueleza. Hata mwaka 2017, kusini mwa Malawi, wilaya za Mulanje na Phalombe, uvumi wa wanyonya damu ulisababisha watu kuuawa na umati, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake maeneo hayo.

Sasa ufundi, ili mhusika wako asiseme upuuzi. Mtu mzima ana damu kama lita tano. Mchangiaji hutolewa mililita 450, na mfuko tayari una mililita 63 za dawa ya kuzuia kuganda. Dawa hiyo ina sitrati, inayoikamata kalsiamu ya damu, na bila kalsiamu damu haigandi. Bila dawa, damu iliyowekwa kwenye chupa ya kioo huganda ndani ya dakika tano hadi kumi. Kwa mfuko wa aina hiyo, chembe nyekundu huhifadhiwa siku 35 kwenye baridi ya digrii 2 hadi 6. Na hakuna mfuko unaotumika kabla ya kupimwa Virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Kwa hiyo anayesimuliwa kukinga damu kwenye ndoo porini, akaiuza hospitali, angefika na ndoo ya vibonge vilivyooza. Mtu akipoteza lita mbili bila kutibiwa, uhai wake umo hatarini, na hiyo ni mifuko minne na kidogo tu.

Kuna jambo jengine la visiwani kwetu linalofaa kuingia kwenye mchezo. Vijidudu vya matende na mabusha vya aina tuliyonayo huingia kwenye damu ya pembeni usiku, kwa wingi baina ya saa nne na saa nane. Kwa miaka mingi njia ya kuvipima ilikuwa kuchukua matone ya kidole usiku huo huo. Fikiria: watu wa afya, saa tano za usiku, kibatari au tochi, sindano, vioo, wanataka damu ya kila aliyemo nyumbani. Sababu yake ni ya kitaalamu kabisa na isipoelezwa mapema inakuwa mumiani mtupu. Timu inayojua kazi hupita kwanza kwa sheha mchana, inaeleza kwa nini lazima iwe usiku, inamtoboa sheha mwenyewe mbele ya watu, inaonyesha kwamba ni matone na si chupa, na baadaye inarudi na majibu. Mara nyingi hicho cha mwisho ndicho kinachosahauliwa, na damu iliyoondoka bila jibu kurudi ndiyo mbegu ya uvumi unaofuata.

Mlinzi wa Kidike

Popo nawatetea, naomba. Popo wa Pemba ni popo wa matunda, hapatikani kokote duniani ila kisiwa hiki. Akikunjua mbawa hufika mita moja na nusu na zaidi, ndiyo maana kivuli chake magharibi kinamshtua mtu. Anakula maembe, shelisheli na matunda ya mwituni, na mbegu anazozitema ndiyo upandaji wa msitu wetu. Aliwindwa hadi akakaribia kwisha kufika mwishoni mwa miaka ya 1980. Vijiji vilipounda vilabu vya kumlinda, akarudi kwa maelfu. Tafadhali usimtie kwenye mchezo kama mnyama wa shetani, wapo watakaokwenda na manati.

Popo wanaokunywa damu wapo kweli, aina tatu, na wote wako Amerika, kuanzia Mexico kwenda kusini. Wale wanaojulikana zaidi wana uzito wa gramu 30 au 40, chini ya yai la kuku. Hawafyonzi. Meno ya mbele yanakata kijijeraha kidogo, mate yana kizuizi cha kuganda, na popo anaramba. Mlo wa usiku ni kama vijiko viwili vya chakula. Akikosa usiku mbili tatu anakufa njaa, na kwa sababu hiyo wenziwe waliokula hucheua na kumpa. Jina la vampaya walipewa na Wazungu waliokuwa wameshazisikia khabari za Serbia. Maiti wa kule hawakuwa na uhusiano wowote na popo.

Popo wa aina yoyote akikung'ata au kukuparura, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika kumi na tano, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Aliyeanguka chini usimshike kwa mkono mtupu.

Mtunzi wa Wete

Shukrani zenu zote hazina kipimo. Nimefuta jeneza, joho na popo. Ninachokifikiria sasa: mgeni anafika usiku, anapiga hodi, mama wa nyumba anamwambia karibu. Baada ya hapo watu wa nyumba wanadhoofu mmoja mmoja, wanakohoa. Kijiji kinamshuku mgeni, wengine wanamshuku kijana wa kwanza kuugua. Je, mgeni awe vampaya kweli, au iwe kifua kikuu tu?

Mwosha wa Chake

Mgonjwa wa kifua kikuu asiwe ndiye shetani wa mchezo. Dawa zipo, ni miezi sita kwa kawaida, na anayekohoa wiki mbili na zaidi anatakiwa kupimwa makohozi. Watu wanajificha tayari kwa aibu, na mchezo wako ukimfanya mwenye kikohozi kuwa mnyonya damu utawaongezea maficho. Kiache kijiji kikosee juu ya yule kijana, na kosa lao lionekane.

Bint Makunduchi

Naafikiana naye kuhusu kijana. Kuhusu mgeni, mimi namtaka awe vampaya kweli. Ukimaliza mchezo kwa kusema yote yalikuwa maradhi, umemnyang'anya msikilizaji alichokuja kukifuata, na hapo ndipo swali lako la kudumu linapojibika.

Vampaya amedumu kwa sababu ni mtu, na ana sharti. Zimwi la porini unaliepuka kwa kutokwenda porini. Huyu anakuja mlangoni, anasalimia, anajua jina la baba yako. Anachochukua kinaonekana kikiondoka: nguvu, rangi ya uso, uzito. Na kwa sababu ana sharti, msikilizaji anacheza pamoja naye. Anajua kwamba mama hakutakiwa kusema karibu, anataka kumpigia kelele redioni. Ndiyo maana kila zama zinaweza kumchukua na kumvisha lake: Mserbia alimvisha uso wa jirani aliyekufa, Polidori akamvisha ubwana wa wenye ardhi, Nairobi ikampa gari jekundu. Ukimpa masharti kumi anakuwa mchezo wa karata. Mpe moja, la hodi, na usilivunje hata mara moja mpaka mwisho.

Kwa redio hilo ni rahisi kulifanya. Hodi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Mtu mwenye adabu angepiga ya tatu akaondoka. Yeye apige ya nne. Usieleze kitu, msikilizaji wa Pemba ataelewa hapo hapo kwamba aliyesimama nje si mtu wa kawaida. Damu isitajwe kabla ya kipindi cha tatu.

Yakhe wa Mkoani

Na usimpe umbo la jini mwenye jina linalojulikana. Kuna watu wanaotibiwa kwa kombe na ngoma kwa ajili ya majini hayo hayo, na familia zao zitasikiliza.

Mambo mawili kwa kituo kitakachourusha. Usirushwe Ramadhani wala miezi ya kampeni. Na kila kipindi kianze na kimalizike kwa tangazo kwamba ni mchezo, kijiji ni cha kubuni, kwa sababu redio watu huifungulia katikati. Mwaka 1995 khabari zilikwenda kwa mdomo na bado zilivuka bahari. Zamu hii wapo watakaokata kipande cha nusu dakika, ile hodi ya nne, wakakisambaza kwenye simu bila tangazo. Kipande hicho kitie muziki wa mchezo chini yake, uwe unasikika wazi, ili hata kikikatwa kijulikane kimetoka wapi.

Fundi Maabara

Na kama utamtia mtu wa afya kwenye kipindi chochote, aje mchana akiwa na sheha.